Mziki wa wanawake tupu, tunajisherehekea au tunajifungia kona?

dj_wa_Mafiati

Wakuu na dada zangu habari za jioni. Jina hili sio langu, sababu mnazijua. Mimi ni mdada miaka 29, ni dijei hapa Mbeya mjini, nilianza na laptopu ya kuazima na sabufa moja, leo nina kontrola yangu na spika nne. Kazi zangu nyingi ni kichenpati kwa sababu wamama hawataki mwanaume ukumbini, mafunzo ya somo yakianza dijei wa kiume anatolewa nje, mziki unabaki unajipigia wenyewe kwenye flashi, basi mimi nikaonekana mkombozi. Nimepiga Mwanjelwa, Uyole, Tukuyu, mpaka Makambako nimefika na vyombo vimepakiwa kwenye Noah.

Sasa upande mwingine wa maisha yangu ni kwamba nampenda mwanamke mwenzangu, huu mwaka wa tano. Pale kichenpati nafurahi kweli nikiona wamama wanavyojiachia wakiwa peke yao, bibi wa miaka 70 anashuka chini na mduara mpaka machozi yananilenga, ila kila neno la somo ni mume hivi mume vile, halafu wananigeukia, "dijei na wewe lini tukuchangie?" Nacheka, naongeza sauti.

Wiki mbili zilizopita kinadada fulani wa aina yangu wamenifuata, wanataka usiku wa mziki wa sisi tu tunaopenda wanawake wenzetu, watu kama 40, nyumbani kwa mtu, hakuna bango wala kuweka stetasi, simu zinaachwa kwenye kapu mlangoni. Mimi roho imeruka. Mwenzangu hataki, anasema tukishajitenga tumewapa watu la kusema, kwamba hata wao wenyewe wanajua sio wenzetu, na kwamba mimi nimehangaika miaka nane nionekane dijei sio "dijei wa kike" halafu najirudisha mwenyewe kwenye kichumba kidogo zaidi. Tumebishana siku tatu na ana hoja, ndo maana nauliza. Hizi shughuli za sisi kwa sisi zinatuinua au zinatusukuma pembeni zaidi?

Kamwene_Kihesa

Kamwene mdogo wangu. Mimi nipo Iringa na umri umeenda kidogo. Nianze na hiyo kichenpati yako maana jibu nusu liko hapo. Nani kakaa akasema kichenpati inawatenga wanawake? Hakuna, kila mtu anaelewa kwamba kuna mambo ya wanawake na yana ukumbi wake. Sisi watu wa huku hatujawahi kushangaa wanawake kufunga mlango wakacheza. Kinachoshangaza watu sio mlango, ni wewe uliyemo ndani.

Mwambie mwenzako kutengwa kulitangulia. Mwaka 2018 mkuu wa mkoa wa Dar alipotangaza kikosi cha kuwasaka watu kama sisi, mimi nilikuwa Kihesa hapa hapa, mbali na Dar, na bado ndani ya siku mbili marafiki watatu walifuta namba yangu, mmoja akahama chumba bila kuaga. Serikali yenyewe ikatoa tamko kwamba ule ni msimamo wake binafsi, sawa, lakini waliohama hawakurudi. Tokea hapo nilikaa karibu mwaka mzima sijacheza mziki mbele ya mtu, hata harusi ya binamu yangu nilikaa jikoni nakata vitunguu. Kwa hiyo nikisikia watu 40 wanataka kucheza pamoja siwezi kuita kujitenga, huko ni kutoka jikoni.

Piga mdogo wangu.

Mzee_wa_Rungwe

Binti, nimesoma na nitakujibu kwa heshima maana umeuliza kwa heshima. Hayo mambo si ya kwetu na sheria unaijua, tokea 1998 huku bara ni kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kile inachokiita kinyume na maumbile, Zanzibar nao 2004 wakawataja wanawake kabisa, hadi miaka 5. Unaitisha watu 40 kwenye nyumba ya mtu, kukitokea la kutokea mama wa watu mwenye nyumba atajibu nini? Mimi nina binti wa umri wako. Nisingekubali aende, na nisingekubali pia apigwe na watu barabarani. Yote mawili nayasema kwa moyo mmoja.

dj_wa_Mafiati

Shikamoo mzee wangu. Hilo la mwenye nyumba umenigusa, nilikuwa nimewaza usalama wangu na wa vyombo, yeye nilimsahau. Ntakaa naye. Ila hilo la si ya kwetu, mzee, mimi nimezaliwa Tukuyu kwenye migomba, sijaenda hata Nairobi.

fundi_mitambo

Mimi ni mwanaume, kazi yangu mitambo ya sauti, nafunga majukwaa ya mikutano ya injili na matamasha nyanda zote hizi za juu kusini. Nipo upande wa mwenzako kwenye hoja ya kazi. Promota ukimwambia mchukue yule dada anajua, jibu ni "si ana kichenpati zake?" Hicho kiota kilichokupa kula ndo wanakitumia kukunyima jukwaa kubwa, na ukiongeza usiku wa siri usioweza hata kuutaja kwenye wasifu wako, ni kazi isiyokujengea jina.

Ila kuna kitu nilisoma kikanibadilisha kidogo. Marekani kulikuwa na tamasha la wanawake tupu, Michigan, lilianza 1976 likaisha 2015, wakikutana porini kila Agosti, na waliokuwa wanakwenda wengi ni wanawake wanaopenda wanawake. Nilichokipenda kama fundi ni kwamba jukwaa walijenga wenyewe, umeme wakavuta wenyewe, kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, wakakaa wenyewe. Miaka hiyo mwanamke kushika mikisa kwenye tamasha la watu wote ilikuwa kama muujiza, sasa pale hakuna mwanaume wa kumnyang'anya waya mkononi, wakajifunza. Na mimi ni shahidi, wasichana wanaokuja kujifunza kwangu wanaishia kukunja nyaya na kuitwa wakalete soda, wakati mvulana aliyekuja juzi anaachiwa aguse. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe na najuta.

Lakini hao hao wa Marekani wana doa. Kampuni yao ya rekodi za wanawake, Olivia, iliyoanzishwa 1973, fundi sauti wao alikuwa Sandy Stone, mwanamke transi, yaani alipozaliwa alihesabiwa mwanaume, aliyewahi kufanya kazi na Jimi Hendrix. Fundi wa kiwango kile! Ikaja presha kwamba huyu sio mwanamke kamili, mwishoni mwa miaka ya 70 akaondoka. Na kule Michigan sera ikawa ni wanawake waliozaliwa wanawake tu, 1991 wakamtoa Nancy Burkholder usiku, baadaye watu wakaweka kambi yao ya kupinga nje ya lango. Yaani waliokimbia mlango wa wengine wakasimama kwenye mlango wao wakafanya yale yale.

Njombe_Baridi

Huyo fundi kagusa penyewe. Mimi wa Njombe, nipo Sweden masomoni. Huku kulikuwa na tamasha kubwa linaitwa Bråvalla, 2017 polisi walipokea taarifa za ubakaji 4 na udhalilishaji wa kingono 23, waandaaji wakalifuta la 2018. Mchekeshaji mmoja, Emma Knyckare, akaja na wazo la tamasha bila wanaume mpaka wajifunze adabu, likafanyika kweli Göteborg 2018, liliitwa Statement, wanawake na transi na wasiojihesabu mwanamke wala mwanaume. Baadaye mamlaka ya kupinga ubaguzi ikasema lilivunja sheria kwa jinsi lilivyojitangaza, ingawa hawakupewa adhabu.

Nilipoisikia hiyo habari nilikasirika. Wanawake wamebakwa, wamejitafutia pa kuchezea, ndo wanaambiwa wabaguzi. Ila hapo nakubaliana na mwenzako nusu, kwa sababu ukijifungia, yule mshenzi anabaki na tamasha lake. Vyote viwili vinatakiwa, pa kupumulia na pa kupambania, mtu mmoja hawezi kuwa pote kila wikiendi, kwa hiyo chagua bila kujilaumu.

Halafu mfano mwingine wa Uingereza. 2005 wanawake weusi wanaopenda wanawake walipanda basi dogo wakaenda zao Southend, ufukweni, kula na kupiga mziki siku moja, kwa sababu hata kwenye sherehe za mashoga za London walikuwa wanajiona wageni. Safari ile ndo ikazaa UK Black Pride, leo wanakuja maelfu kwa maelfu. Walianza wao kwa wao, na hawakubaki kona.

mama_watoto_wawili

Nimesoma kimya tokea mwanzo, sasa naandika mkono unatetemeka. Mimi nina mume na watoto wawili, na kabla yake nilimpenda mwanamke na mpaka leo moyo wangu uko hivyo, pande zote mbili, mume anajua na tunaishi. Miaka mitatu iliyopita niliitwa kwenye usiku kama huo wenu, mji sitautaja. Nilivaa gauni langu la kitenge jipya, nikamdanganya mama mkwe naenda kikoba. Mlangoni dada mmoja akanitazama kidoleni akaona pete, akaniuliza, "na mume unaye?" Nikasema ndio. Akasema samahani hapa ni kwa wetu tu, wewe una pa kwenda.

Nilisimama nje kwenye baridi ya Julai nasikia mziki, wimbo ambao mimi na yule wa zamani tulikuwa tunaucheza. Kanisani naogopa wakijua, kichenpati naogopa wakijua, pale ndo palikuwa mahali pangu pekee pa kutoogopa nikakuta nako kuna mtihani. Nilirudi kwa bodaboda nalia ndani ya kofia.

Sikwambii usipige dada. Nakuuliza tu, mlangoni atakaa nani, na ataniuliza nini?

Kamwene_Kihesa

Pole sana mdogo wangu. Nimeisoma hii mara mbili. Mimi huenda ningekuwa yule wa mlangoni, nisiseme uongo. Tuliwahi kuingiliwa na mtu wa kupeleleza, tokea hapo kila nisiyemfahamu namwangalia vidole. Hofu ilitufundisha ukali. Ila pete sio upelelezi, hapo walikosea.

dj_wa_Mafiati

Ndaga fijo wote. Huyu mama wa watoto wawili nimemsomea mwenzangu kwa sauti tukiwa tunakula, kijiko kikabaki hewani.

Jana nimekaa na waandaaji mpaka saa nne usiku. Nimewaambia napiga lakini kwa masharti yangu. Moja, anayeingia anakuja kwa kushikwa mkono na mtu tunayemwamini, akishafika hakuna swali, sio la pete, sio la umezaliwaje, sio kwanini nywele ndefu. Walibisha hapo kwenye la umezaliwaje, mmoja alinuna kabisa, nikawaambia habari ya yule fundi wa Olivia, kwamba mimi siwezi kupiga mziki pahali ambapo fundi sauti mwenzangu angefukuzwa. Wakanyamaza, wamekubali, mmoja kwa shingo upande. Na mwenye nyumba nimeongea naye peke yake bila wengine kuwepo, nikamsomea maneno ya mzee wa Rungwe. Akaomba siku mbili, leo asubuhi kanipigia kasema ndio, ila idadi ishuke iwe 20 na tumalize saa nne. Sawa.

Fundi, wewe huingii ila nakuomba Jumatano jioni unifundishie wasichana wawili kufunga mikisa, na washike wao sio kukunja nyaya. Jukwaa kubwa sijaliacha, sendofu ya mwezi ujao nimemwambia MC nataka jina langu kwenye kadi kama madijei wengine.

Mwenzangu bado anasema ana wasiwasi. Ila ameuliza tutavaa nini. Mama wa watoto wawili, ni inboksi, nitakuja kukushika mkono mwenyewe. Sabufa naiacha nyumbani, majirani.