Presha 168/72: ya juu imepanda, ya chini iko sawa. Tatizo ni nini?

Mwambao
Wakuu, salaam. Mama ana miaka 68. Asubuhi tatu mfululizo mashine imesoma 168/72, 164/70, 170/74. Jirani anasema ya chini ikiwa haijafika 90 hiyo si presha. Kweli?

Mganga_Zamu
Si kweli, mkuu. Ya juu peke yake inatosha: wastani wa nyumbani ukifika 135, ni presha. Toa 72 kwenye 168, unabaki na 96. Kwa kawaida tofauti hiyo ni kama 40. Kwa mtu wa umri wake ikizidi 60, shuku aota imekakamaa.

Aota, mshipa mkuu utokao moyoni, ikiwa laini hutanuka moyo unapopiga na kuhifadhi sehemu ya damu. Moyo ukipumzika, inajibana na kuisukuma damu hiyo mbele, ndiyo maana ya chini haiporomoki. Presha ya miaka mingi hukata nyuzi za elastini (zinazovutika kama mpira) ukutani mwake, na mwili wa mtu mzima hauzirudishi ipasavyo. Panajaa kolajeni, nyuzi ngumu kama kamba ya katani. Hapo aota haitanuki, ya juu inapaa. Haina cha kurudisha, ya chini inashuka. Kwa hiyo hiyo 72 isikufariji hata kidogo! Kishindo cha kila pigo kinafika kwenye figo na ubongo bila kupunguzwa.

Nesi wa Kliniki
Naongezea. Ukuta uliochoka unaweza kuvimba (aota ya tumboni ikifika upana wa sm 3, inaonekana kwa ultrasaundi) au tabaka la ndani likachanika. Maumivu makali ya ghafla kifuani au katikati ya mabega, kama kitu kinararuka: hospitali saa hiyo hiyo.

Mwambao
Ahsanteni sana. Mkanda wa mashine tunamfunga juu ya mkono wa gauni. Kuna shida?

Nesi wa Kliniki
Ipo. Ufungeni kwenye ngozi, usawa wa moyo, akiwa ameketi kimya dakika 5, mgongo umeegemea, kibofu kitupu. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hupandisha namba. Mara ya kwanza pimeni mikono yote miwili, kisha mfuate wenye namba kubwa. Akianza dawa, mpimeni pia akisimama, maana wazee hupata kizunguzungu. Akipewa amlodipini (dawa ya presha) na vifundo vya miguu vikavimba, arudi kwa daktari abadilishiwe, asiache mwenyewe.