Zawadi za kutoka supamaketi: je, mpokeaji ataona nimembania?

Mkazi wa Makole aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Mwezi ujao ninakwenda Chennai, kusini mwa India, kwa mafunzo ya wiki mbili, na tangu habari hiyo ienee ofisini, kila anayenisalimia anamalizia kwa kuniambia nisimsahau. Wenzangu wa idara ni tisa, watoto nyumbani ni wawili, na juu ya wote yuko mama yangu mzazi aliyeko Kondoa. Posho yenyewe ni ya kuhesabu. Nimeshauriwa niachane na maduka ya vinyago yaliyo karibu na hoteli, niingie supamaketi wanamonunua wenyeji, nichukue chai, viungo na biskuti. Je, zawadi ya namna hiyo inapokelewa vizuri, au nitaonekana nimeleta mahitaji ya jikoni?

Mama wa Area C alijibu:

Mwanangu, ingia supamaketi bila wasiwasi. Nilipokwenda India kumuuguza mume wangu, nilinunua tembo wa mbao katika duka la watalii, na muuzaji alipokubali nusu ya bei bila hata kunung'unika, nilielewa kwamba nusu hiyo nayo ilikuwa nyingi. Supamaketi hakuna mchezo huo, kwa sababu sheria ya India inataka kila bidhaa iliyofungwa iandikwe bei ya juu kabisa ya rejareja, kodi ikiwa ndani yake. Tafuta herufi MRP kwenye pakiti. Mgeni na mwenyeji wanasoma tarakimu ile ile. Tembo wangu yuko kabatini, na vumbi la Dodoma mnalijua. Chai niliyowaletea mawifi zangu iliisha mapema, na hadi leo wananiuliza nitarudi lini.

Ila kwenye chai uwe makini. Darjeeling ina jina kubwa na bei kubwa, lakini rangi yake ni nyepesi, na aliyezoea chai ya maziwa iliyokolea atadhani umemwekea maji ya moto. Kwa mama yako wa Kondoa chukua Assam, ambayo ni nzito na haizidiwi na maziwa.

Kijana wa Nkuhungu alijibu:

Shikamoo mama. Kaka, mimi nizungumzie begi, kwa kuwa hapo ndipo nilipoumia. Nilinunua chupa mbili za achari ya embe, nikazifunga kwa gazeti na kuzilaza katikati ya nguo. Nilipofungua begi nyumbani, kifuniko kimoja kilikuwa kimelegea, na mafuta ya manjano yalikuwa yamepenya mashati matatu na suruali ya suti. Harufu ya uwatu haikutoka hata baada ya kufua mara nne. Usifikirie pia kuibeba mkononi, maana vimiminika vinavyozidi mililita 100 kwa chombo huzuiwa kwenye ukaguzi. Chagua vitu vikavu, na usome tarehe ya mwisho ya matumizi kabla ya kulipa.

Mbegu za kupanda ziache huko huko, kwani kuziingiza nchini kunahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea. Mifuko ya plastiki ya kubebea nayo imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo hamishia vitu kwenye mfuko wa kitambaa kabla hujatua.

Mwalimu wa Kikuyu alijibu:

Ninakubaliana na waliotangulia, isipokuwa kwenye viungo. Bizari, iliki na masala za kila aina zimejaa Kisutu, Dar es Salaam, na sioni sababu ya kuzisafirisha kutoka ng'ambo ya bahari. Lete kitu ambacho hapa hakipatikani kirahisi. Chennai wana kahawa yao iliyochanganywa na chikori, yaani mzizi uliokaangwa na kusagwa, na pakiti huonyesha kiasi cha kila kimoja. Huchujwa taratibu katika chombo cha chuma cha pua chenye sehemu mbili zilizopandana, kisha hutiwa maziwa ya moto. Ukimletea mtu pakiti pamoja na kichujio chake, umemletea na namna ya kuinywa. Kwa wale tisa wa ofisini, pakiti ndogo za vitafunio zinatosha, na usisahau kutazama alama ya kijani ambayo kule huonyesha chakula kisicho na nyama wala samaki, ili asiwepo wa kusita kula.

Mkazi wa Makole alijibu:

Ahsanteni sana, na shikamoo mama na mwalimu. Achari nimeifuta kwenye orodha. Nimempigia mama simu nikamweleza habari za Assam na kichujio. Chai ameikubali, ila kahawa amesema niwape hao wa ofisini, na kwamba chuma chochote nitakachomletea kiwe sufuria.