pH ya tangi jipya inashuka kila wiki (maji ya bomba, Mwanza): nitie magadi?

FuruWaNyegezi:

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaofuga samaki wa mapambo nyumbani.

Tangi ni la kioo, sentimita 90 × 40 × 40. Ukitoa mchanga na mawe, maji yanabaki kama lita 120. Chujio ni la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Mchanga ni wa ufukweni, umeoshwa na kuanikwa juani, na mawe ni haya haya ya vilimani kwetu. Maji ni ya bomba, yanalala kwenye ndoo siku nzima kabla ya kuingia tangini. Ndani kuna furu 15 wadogo (samaki wadogo wa Ziwa Victoria) na sato wawili wa urefu wa kidole. Wanakula unga wa dagaa mara tatu kwa siku. Joto la maji ni 25 hadi 26, bila hita.

Vipimo vya pH (namba inayoonyesha asidi ya maji; ikishuka chini ya 7, maji yana asidi) ni hivi: bombani yakitoka tu ni 7.2, yakilala na jiwe la hewa (kijiwe kinachotoa mapovu ya pampu) yanafika 7.8. Tangi lilianza na 7.8. Sasa ni wiki ya nne na inasoma 6.4. Nikibadilisha maji kidogo inapanda, lakini baada ya siku mbili tatu imerudi chini.

Muuzaji kanishauri nitie magadi mpaka ifike 8.2, eti ndiyo pH ya ziwa. Naomba kujua mambo mawili. Kwa nini maji yale yale yapande kwenye ndoo halafu yashuke tangini? Na je, hayo magadi nitie?

MajiTulivu:

Mkuu, magadi usitie kwanza. Pima vitu viwili leo hii kabla ya kugusa chochote: amonia na KH (uwezo wa maji kuimeza asidi). Tumia vipimo vya matone. Karatasi za kuchovya, zikishafunguliwa na kukaa kwenye unyevu, hudanganya sana.

Kwenye ndoo inapanda kwa sababu maji ya bomba hutoka na hewa ya ukaa iliyoyeyuka ndani yake, na hewa hiyo huyafanya yawe na asidi kidogo. Ukiyapigia hewa inatoka, na pH inapanda hadi mahali pake halisi. Kwa hiyo pH ya kweli ya bomba lako ni 7.8. Ile 7.2 isahau.

Tangini kuna kazi nyingine inaendelea. Kinyesi na mabaki ya chakula vinatoa amonia. Bakteria waliojishika kwenye sponji na mchanga wanaigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, na kazi hiyo inazalisha asidi. Kinachoimeza asidi hiyo ni bikaboneti iliyomo kwenye maji, ndiyo tunayoipima kwa jina la KH. Ichukulie KH kama akiba: ikiwepo, pH haitikisiki, ikiisha, pH inaporomoka ghafla.

Sasa hesabu yenyewe. Kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia inayochakatwa inakula alikali (ndiyo hiyo akiba ya KH) ya takriban miligramu 7.1, ikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti. Nyuzi 1 ya KH ni kama miligramu 18 kwa lita. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, KH yake kwa kawaida huwa 2 au 3 hivi. Ukianza na KH 3, nitrati ikifika kama 33 mg/l ujue akiba yote imekwisha. Kwa unga wa dagaa mara tatu kwa siku, huko kunafikiwa haraka.

Na hapo ndipo hatari ya magadi ilipo. pH ikishuka chini ya 6.5 bakteria wanazembea, chini ya 6 wanakaribia kusimama kabisa. Amonia inaanza kujikusanya, ila kwenye pH hiyo karibu yote iko katika umbo la amoniamu, ambalo halimdhuru sana samaki. Ukiipandisha pH ghafla, sehemu yake inageuka kuwa amonia huru, na hiyo ndiyo inayounguza mashavu. Kwa joto lako, amonia huru ni kama 0.2% ya jumla kwenye pH 6.5. Kwenye 7 inafika kama 0.6%, kwenye 8 inazidi 5%, na kwenye 8.5 inakaribia 16%. Samaki wanalala wazima, asubuhi unawakuta juu juu wakihema, mashavu mekundu, na watu wanasema "ugonjwa". Si ugonjwa.

KiooNaSilikoni:

Naongezea kuhusu magadi yenyewe. Ya sokoni, yale mabonge ya kulainishia maharage na makande, ndani yake kuna sodiamu kaboneti, na hiyo inarusha pH juu ya 10. Kipande kidogo tu kwenye lita 120 kinaweza kukuharibia kazi, na kila bonge lina nguvu yake, kwa hiyo hata kukadiria huwezi. Kinachotakiwa ni bikaboneti ya soda, ile nyeupe laini ya kuokea. Na soma kopo vizuri: beking pauda siyo, hiyo imechanganywa na asidi na wanga.

Mchanga na mawe vijaribu kwa siki. Weka mchanga mkavu kidogo kwenye sahani, dondoshea matone kadhaa. Ukitoa povu, kuna chokaa, mara nyingi ni vipande vya makombe ya konokono. Mawe ya vilima vya Mwanza ni graniti, hayabadilishi pH, yatumie bila wasiwasi ila yasugue kwa brashi. Usiweke kabisa kipande cha zege au tofali la saruji kutengeneza pango, kwa sababu saruji mpya hutoa chokaa kali kwa wiki nyingi.

FuruWaNyegezi:

Asanteni sana. Nimepima. KH: tone la kwanza tu rangi imegeuka, kwa hiyo ni 1 au chini. Amonia 2 mg/l. Nitriti ipo kidogo sana. Nitrati ni kati ya 20 na 40, rangi zinafanana mno kuzitofautisha. Kuna jirani anasema nikinge maji ya mvua kwa sababu ni masafi.

MajiTulivu:

Vipimo vyako vinasema kitu kimoja: KH imekwisha. Maji ya mvua acha, hayana KH hata chembe, yatakurudisha hapo hapo.

Ona hatari uliyoikwepa: amonia 2 kwenye pH 6.4 inakupa amonia huru kama 0.003 mg/l. Ungeipeleka 8.2 leo, ingekuwa kama 0.17. Madhara huanza kwenye 0.02 hivi, na zaidi ya hapo furu wadogo hawachukui muda. Kwa hiyo unashusha amonia huku pH ikipanda polepole, vyote pamoja.

Leo na kesho usilishe, hawatakufa njaa. Leo toa lita 20 hadi 25, ukinyonya uchafu kwa mpira kutoka kwenye mchanga, hasa nyuma ya mawe ambako dagaa anaozea. Rudisha maji yaliyolala na jiwe la hewa kwa saa 24, yenye joto sawa na la tangi. Mimina taratibu, kwa nusu saa hivi. Kesho rudia. Kila siku pima amonia na pH kwa saa ile ile, asubuhi kabla ya kuwasha taa.

Mipaka ni hii: pH isivuke 7 mpaka amonia ishuke hadi 1. Isivuke 7.5 mpaka amonia iwe 0.5. Amonia ikishafika 0.25 au chini, iache pH ipande yenyewe hadi 7.8. Ukiona inapanda haraka kuliko hapo, punguza kiasi cha maji unachobadilisha.

Baada ya hapo ndipo unaongeza KH. Bikaboneti gramu 3 kwenye lita 100 inapandisha KH nyuzi 1, kwa tangi lako ni gramu 3.6. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 5. Weka nusu kijiko kwa siku, si zaidi, ikiyeyushwa kwenye kikombe cha maji ya tangi na kumiminwa pale mapovu yanapotoka. Simama KH ikifika 4. Huna haja ya kuipima pH kila saa, ukiwa na KH 4 na hewa ya kutosha itakaa kati ya 7.6 na 8 bila kusukumwa.

Sponji usilioshe kwa maji ya bomba, klorini inaua bakteria. Likamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, na kwa sasa liache kabisa.

Bwiru_Ziwani:

Nakubaliana na MajiTulivu, ila kwa furu bikaboneti peke yake haitoshi kwa muda mrefu, maana inaongeza sodiamu bila kalsiamu. Chukua makombe yaliyosagwa, yale yanayouzwa kwenye maduka ya chakula cha kuku. Hakikisha hayajachanganywa na chumvi wala dawa. Yaoshe mpaka maji yatoke safi, weka gramu 200 hivi kwenye kifuko cha neti karibu na mapovu ya chujio. Yanayeyuka polepole pH inaposhuka, na ikipanda yanatulia. Matokeo yataonekana baada ya wiki moja au mbili, usiongeze kwa haraka.

Hiyo 8.2 ya muuzaji usiihangaikie. pH ya ziwa letu haisimami sehemu moja. Mchana mwani unavuta hewa ya ukaa na pH inapanda, usiku inashuka, na ghuba zilizojaa mwani zinatikisika kuliko maji ya wazi. Furu wanastawi kwenye 7.5 hadi 8.5 mradi isiyumbe. Wala usinunue chumvi za samaki wa Ziwa Tanganyika. Maji ya kule yana pH inayokaribia 9 na KH kubwa mara nyingi kuliko ya kwetu. Kama miongoni mwa hao 15 kuna *Pundamilia nyererei*, yule aliyepewa jina la Mwalimu, dume lake likipoteza wekundu wa mgongoni kwa siku kadhaa, pima amonia kabla hujafikiria kitu kingine.

Usichote maji ya ziwani moja kwa moja kufupisha kazi. Pembezoni kuna konokono wa kichocho, na mikono yako ndiyo itakayoingia mle.

Sato watoe wiki hii. Wakikua, hata mmoja tu analizidi tangi la lita 120, na uchafu wao ndio unaokumalizia KH. Furu walishe mara moja kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika mbili, na badilisha maji robo ya tangi kila wiki. Umeme ukikatika zaidi ya saa mbili, chota maji ya tangi kwa jagi na uyamimine kutoka juu mara kwa mara, sponji lisikose hewa.

FuruWaNyegezi:

Nimeelewa, wakuu. Sato nawapeleka kwa mwenye bwawa kesho asubuhi, na lita 20 za kwanza nimeshazitoa. Maji ya kurudishia yako kwenye ndoo na jiwe la hewa tangu jana. Nitaleta vipimo vya amonia na KH hapa hapa.

MajiTulivu:

Leta na nitriti pia, mkuu. Bakteria wakiamka amonia itashuka, na nitriti inaweza kupanda kwa siku kadhaa. Ikivuka 0.5, ongeza chumvi ya kawaida isiyo na madini joto, gramu 12 kwa tangi zima, na uendelee kubadilisha maji.