Insuleta ya gypsy nakala mbili, mbona enhansa bado inapenya?

Kromatini_Tata: Wakuu, naomba ushauri. Plasmidi (duara dogo la DNA la kubebea jeni) ya nzi wa matunda (Drosophila) imepangwa hivi: enhansa (kipande cha DNA kinachoongeza kazi ya jeni) ya jicho ya jeni white, kisha insuleta (DNA ya kuizuia enhansa isifike kwenye promota) mbili za gypsy, DNA inayohamahama ya nzi, zikifuatana (takriban jozi za besi, yaani bp, 340 kila moja), kisha promota (mahali jeni inapoanza kusomwa) na mini-white (toleo fupi la white, jeni ya rangi nyekundu ya macho). Macho yalitarajiwa kuwa ya chungwa. Yametoka mekundu ya kukoza, kama vile hakuna kizuizi. Nakala ya tatu itasaidia?

Nzi_Mweupe: Usiongeze, mkuu, punguza. Kosa liko kwenye hiyo ya pili. Insuleta moja ya gypsy ina vituo 12 hivi vya protini Su(Hw), ambayo hukaa pamoja na protini nyingine, Mod(mdg4) na CP190. Ikiwa peke yake kati ya enhansa na promota, huzuia. Zikiwa mbili zinashikana zenyewe kwa zenyewe, na enhansa inabaki huru kufika kwenye promota. Jambo hili lilionyeshwa mwaka 2001 na maabara mbili tofauti.

Ukitaka nguvu zaidi, weka moja kila upande wa enhansa. Hapo kushikana kwao kunaifungia enhansa ndani ya kitanzi, na uzuiaji unapita ule wa insuleta moja ya katikati. Kwa hiyo hesabu ya nakala haikuambii kitu mpaka ujue zimekaa wapi.

Kromatini_Tata: Ahsante mkuu. Na kama plasmidi ilidondosha nakala moja ndani ya bakteria?

Nzi_Mweupe: Marudio yanayofuatana hudondoka kweli, kwa hiyo pima kwa PCR (kunakili kipande cha DNA ili kuona urefu wake) kwenye DNA ya nzi wenyewe, usiishie kwenye plasmidi. Ila ingebaki moja tu ungeona uzuiaji. Macho yako yanaashiria zote mbili zipo.

Bi_Pipeti: Naongezea vidhibiti (majaribio ya kulinganishia), maana bila hivyo matokeo hayasomeki.

Ingiza konstrakti (matoleo ya DNA uliyoipanga) zote kwenye kituo kimoja cha attP (mahali maalumu pa kupokelea DNA kwenye jenomu) kwa phiC31 (kimeng'enya kinachoipachika hapo). Zikitua ovyo, jenomu ya jirani itakupa rangi yoyote ile. Tengeneza toleo ambalo insuleta iko nyuma ya enhansa, mbali na promota: insuleta halisi haipunguzi rangi hapo. Ikipunguza, hiyo ni sailensa (DNA inayonyamazisha jeni). Toleo jingine liwe na DNA ya faji lambda (kirusi cha bakteria) yenye urefu uleule mahali pa insuleta, kwa sababu umbali peke yake unaweza kudhoofisha enhansa.

Kisha peleka konstrakti ya insuleta moja kwenye nzi wenye mutesheni ya su(Hw), jeni ya protini ya Su(Hw). Macho yakikoza tena, umethibitisha kilichokuwa kinazuia. Majike wa mutesheni hiyo ni tasa, basi panga misalaba (kupandanisha nzi) mapema. Usitumie mutesheni ya mod(mdg4) badala yake: bila protini hiyo gypsy inaweza kugeuka kuwa ya kukandamiza promota, ukachanganyikiwa bure.

Nzi_Mweupe: Hapo kwenye rangi ndipo watu wengi huteleza. Mini-white hukoza kadiri nzi anavyozeeka, na dume hutofautiana na jike. Linganisha jinsia moja, umri uleule (tuseme siku 4), heterozigoti (wenye konstrakti kwenye kromosomu moja ya jozi) tu, kwani kromosomu zinazofanana hukaa bega kwa bega na insuleta za pande mbili zinaweza kuathiriana. Jicho lako likisita, saga vichwa 10 kwenye ethanoli 30% iliyotiwa HCl hadi pH 2, sentrifuji, soma unyonyaji wa mwanga kwenye nm 480.

Kromatini_Tata: Kuna mfano wa asili wa kuwaonyesha wanafunzi insuleta moja ikifanya kazi?

Bi_Pipeti: Aleli (toleo) y2 ya jeni yellow, jeni ya rangi nyeusi ya mwili. Gypsy imejipachika bp 700 hivi kabla ya promota. Enhansa za mabawa na mwili ziko ng'ambo yake, kwa hiyo sehemu hizo zinapauka. Enhansa ya nywele ngumu iko kwenye introni (sehemu ya ndani ya jeni isiyobeba maelekezo ya protini), upande wa promota, na nywele zinabaki nyeusi. Nzi mmoja chini ya hadubini anatosha kuonyesha pande zote mbili.