Radi ikipiga ndege ya kaboni, waya za ndani zinaponaje?

Wakuu habari, Boeing 787 nusu ya uzito wake ni kompositi (nyuzi za kaboni ndani ya plastiki ngumu) sio aluminiamu, sasa radi ikiipiga waya zinaponaje?

— Mkuu kaboni inapitisha umeme ila vibaya sana kuliko aluminiamu, ndo maana chini tu ya rangi wanalaza wavu mwembamba wa shaba, umeme unaingilia labda puani unatokea mkiani. Wanajaribia hadi ampea 200,000.

— Naongezea, waya hata isipoguswa, usumaku wa radi unazaa volti ndani yake, kwahiyo inavishwa soksi ya nyuzi za shaba na ncha zote mbili za soksi zinaungwa na bodi ya ndege. Nishaiona moja karakana ncha imeota kutu ya kijani, hapo kinga hamna, jamani tukague.