Kikundi cha Familia: Safari ya Nyanya

Shangazi Rehema: Hamjambo wote. Tiketi ya Mama imeingia, Alhamdulillahi. Ni Ijumaa kuamkia Jumamosi. Anatoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, 23:55, anatua JFK, New York, 07:55. Moja kwa moja, hakuna kubadilisha ndege. Masaa manane tu!

Idi: Shikamoo shangazi. Si manane, ni kumi na matano. Saa ya kuondoka imeandikwa kwa majira ya Nairobi, ya kutua kwa majira ya New York. Mwezi wa Julai wao wako nyuma yetu masaa saba (wakati wao wa baridi huwa manane). Nyanya akitua huko asubuhi, hapa ni saa tisa kasoro dakika tano alasiri.

Shangazi Rehema: Kumi na matano! Na ile miguu yake inayovimba?

Mama Zawadi: Kwani ni mbali kiasi gani?

Idi: Kilomita kama 11,800. Mombasa kwa ndege ni 420 hivi, sasa zidisha mara 28. Wanakata Afrika kwenda kaskazini-magharibi, halafu Atlantiki yote. Kurudi ni masaa kama 14, maana upepo wa huko juu huvuma kutoka magharibi. Kwenda unaipiga ndege usoni, kurudi unaisukuma.

Baba Zawadi: Na mbona usiku hivyo, na ni mtu mzima?

Idi: Usiku unasaidia ndege, baba. Uwanja wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi, na ndege iliyojaza mafuta ya kufika Marekani ni nzito mno. Baridi ya usiku inairahisishia kupaa.

Nyanya (Zawadi ananiandikia): Nimesikia ya upepo. Mimi dawa yangu ya presha nameza saa moja asubuhi. Saa moja ya wapi?

Mama Zawadi: Hilo ndilo swali, mama. Saa moja ya Nairobi utakuwa bado angani, New York ni saa sita usiku. Jumatano tunaenda kliniki, daktari atupangie siku ya safari na siku za huko, na atuandikie barua ya dawa. Dawa zote mkobani, usiziweke kwenye sanduku linaloenda chini ya ndege. Hilo likichelewa utabaki bila dawa ugenini.

Shangazi Rehema: Mimi nawapigia watu wa ndege leo. Kiti cha magurudumu, na kiti cha kando ya njia ili ainuke bila kuomba ruhusa. Mama, kila ukiamka tembea kidogo, nyoosha vifundo, kunywa maji. Tafadhali usijinyime maji kwa kuogopa choo.

Nyanya: Nitakunywa, mwanangu.

Baba Zawadi: Tuwe uwanjani saa tatu usiku. Mombasa Road Ijumaa jioni mnaijua, tutapanda Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia. Pale kwenye ukaguzi abiria wote hushuka garini. Nitashuka naye nimshike mkono, Idi apitishe gari.

Idi: Sawa baba. Saa moja na nusu niko getini.

Shangazi Rehema: Saa moja kamili, Idi. Ana masanduku mawili na lile la nguo za mtoto.