Kadi za kutap: mtu anaweza kunichota hela nikiwa kwenye basi la mwendokasi?

Mkaazi_Kimara: Wakuu habari. Benki wamenibadilishia kadi, hii mpya ina kale kaalama ka mawimbi, dada wa kaunta kaniambia ukienda supamaketi unagusisha tu kwenye mashine basi. Sasa kuna jamaa ananitisha, anasema tunavyobanana kwenye mwendokasi mtu anapita na mashine yake ananigusa mfukoni hela imeenda. Kweli au stori za kijiweni? Nawaza nibaki na lipa namba tu, ile ya kulipa dukani kwa simu.

Fundi_Chipu: Kinadharia inawezekana mkuu ila ni tabu tupu. Kadi inasomeka kwa sentimita chache tu, na ukiwa na kadi mbili tatu kwenye waleti zinagombana, mara nyingi mashine inagoma. Alafu mashine ya malipo inatolewa na benki kwa jina la biashara, hela inaingia kwenye akaunti yenye mwenyewe, sasa nani anaiba huku kaacha kitambulisho? Na kila ukitap chipu inatoa namba ya muamala huo tu, mtu akiinasa haimsaidii kitu. Balaa lilikuwa ule mstari wa sumaku wa kuswaipu, taarifa zake hazibadiliki, mtu anakopi anatengeneza kadi nyingine.

Mbongo_Ughaibuni: Huku London mabasi yalianza kupokea kadi za kutap 2012, treni za chini ya ardhi 2014, na Oktoba 2021 kiwango cha kutap bila namba ya siri kikapanda toka pauni 45 hadi 100. Kwa hiyo ukidondosha kadi wahi kuifunga, aliyeiokota anaweza kula mpaka mashine imuombe namba ya siri. Dukani simu uliyoiwekea kadi afadhali, inataka kidole au sura kwanza. Ila mkija huku, ukiingia stesheni kwa kadi toka kwa kadi, ukitoka kwa simu hata kama kadi ni ile ile mfumo unahesabu safari mbili ambazo hazijaisha unakatwa nauli ya juu kote kote, wageni wanaliwa sana hapo.

MamaDuka: Kwani lipa namba ndo haina wizi? 😂 Mteja anakuonyesha meseji ya muamala kwenye simu yake kumbe kaiandika mwenyewe, mi mzigo hautoki mpaka meseji iingie kwangu na salio nimecheki. Na nyie mnaolipa someni jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, mnakimbilia wapi jamani.

Mkaazi_Kimara: Hahaa asante mama. Na wale matapeli wa meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii"?

Fundi_Chipu: Hao ndo wanaomaliza watu, sio wa kwenye mwendokasi. Waripoti kwa namba 15040. Na piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako (kitambulisho cha taifa), ukikuta usiyoijua nenda kwa mtandao husika waifute.